Mapatano ya Mlangoni Ni Nusu ya Ulinzi

Ndugu wanajeshi na ndugu askari polisi, kila mmoja wenu aliyewahi kusimama lindo usiku anazijua hatua zake kwa moyo. Kivuli kinasogea gizani, mlinzi anapaza sauti: "Simama! Nani huyo?" Mwenye kuja husimama, hujitaja, huambiwa asogee hatua chache ili ajulikane, kisha hutakiwa kutoa neno la siri la siku hiyo. Akilitoa sawasawa hupita. Akikosea huwekwa chini ya ulinzi mpaka mkuu wa zamu aje. Hayo yote tunayafahamu. Lakini liko jambo moja linalotangulia yote hayo, ambalo halisemwi sana kwa kuwa limekwisha zoeleka: hao wawili hawana budi kuwa wamekubaliana ni neno gani linalotumika. Ni la leo au la jana? Ni neno lenye jibu lake, au ni neno moja tu? Na doria iliyokaa porini siku tatu redio ikiwa imekufa, ambayo haijaletewa neno la leo, itapokewa kwa njia gani?

Swali hilo dogo ndilo mlango wa hatari kubwa. Adui mwenye akili hahangaiki kulivunja neno la siri lililo gumu. Huwashawishi wahusika wakubaliane kutumia lililo rahisi, au wakubaliane kutotumia lolote, kisha akapita huku akisalimiwa.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hilo hilo, si kwenye lango la kambi, bali kwenye lango la maghala ya kumbukumbu yaliyomo ndani ya kompyuta. Maoni yetu ni haya: namna mashine mbili zinavyopatana kuhusu njia ya kutambuana ni sehemu ya ulinzi wenyewe, wala si utangulizi wake, na mwenye ghala asiyeyalinda mapatano hayo amefunga mlango kwa kufuli imara, akauacha ufunguo wa akiba juu ya kizingiti.

KWA NINI JAMBO HILI NI LENU

Pengine atatokea msomaji aulize: mambo ya kompyuta yanatuhusu nini sisi tunaobeba bunduki na kuandika taarifa za wezi wa ng'ombe? Yanatuhusu sana. Zamani daftari la matukio lilikaa juu ya meza ya kituo, na majalada ya kesi yalikaa kabatini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa afisa wa zamu. Aliyetaka kubadili neno moja katika jalada ilimlazimu aingie chumbani, afungue kabati, na afute wino. Leo, katika nchi nyingi, majalada hayo, alama za vidole, orodha ya mishahara, na hesabu ya silaha zilizotoka na zilizorudi bohari, vimehamishiwa katika mashine moja kubwa iitwayo seva, na kompyuta za vituo huvisoma na kuviandika kwa kupitia mtandao, toka mbali.

Basi kabati limekuwa moja, na milango yake imekuwa mingi, tena mingine iko mamia ya maili. Anayeweza kujifanya afisa fulani mbele ya seva anaweza kufuta jina la mshitakiwa, au kuliandika jina la asiye na hatia. Anaweza kuonyesha kwamba bunduki iliyopotea ilirudishwa. Hakimu hataona alama ya kufutwa, kwa maana hakuna wino. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni lenu kabla halijawa la mafundi: ushahidi mtakaouapia mahakamani utakuwa na thamani ile ile ya mlango uliolindwa nao, haizidi hapo.

LUGHA YA MASHINE NA IMANI YA ZAMANI

Mashine huzungumza kwa kanuni maalumu ziitwazo itifaki. Katika kazi ya kusoma na kuandika kwenye ghala lililo mbali, tatu ndizo zinazojulikana sana. Ya kwanza ni NFS, iliyoanzishwa na kampuni ya Marekani iitwayo Sun Microsystems mwaka 1984. Ya pili ni SMB, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM miaka hiyo hiyo ya 1980, ambayo baadaye ilienea duniani pamoja na mashine za Microsoft. Ya tatu ni iSCSI, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 2004, na ambayo huifanya kompyuta iitumie diski iliyo mbali kana kwamba imo ndani ya tumbo lake mwenyewe.

Tuanze na NFS, kwa maana historia yake ina funzo. Njia yake ya kwanza ya kutambuana ilikuwa hivi: kompyuta ya mtumiaji hutuma ombi, na ndani ya ombi huandika jina la mashine, namba ya mtumiaji, namba ya kundi lake, na makundi mengine yasiyozidi 16. Seva ilisoma namba hizo na kuziamini. Hakuna swali, hakuna neno la siri, hakuna muhuri. Ni sawa na mgeni anayefika langoni na karatasi aliyoiandika yeye mwenyewe, isemayo "mimi ni Meja," naye mlinzi akapiga saluti na kufungua.

Wenye kubuni hawakuwa wajinga. Wakati ule kompyuta zilikuwa chache, zilikaa katika vyumba vilivyofungwa, na msimamizi wa kila moja alijulikana kwa jina. Waliweka hata sharti kwamba ombi litoke katika bandari ya mtandao yenye namba ndogo kuliko 1024, ambayo msimamizi wa mashine peke yake ndiye aliyeweza kuitumia. Lakini siku zilipopita, kompyuta ikawa kitu cha kila mtu mezani kwake, na kila mtu akawa msimamizi wa mashine yake. Sharti lile likabaki kama komeo kwenye mlango usio na ukuta. Imani iliyofaa mwaka 1984 ikawa udhaifu, wala hakuna aliyetangaza siku ilipogeuka.

ORODHA NA MTU WA KATI

Ndipo zilipobuniwa njia imara zaidi. Iliyo mashuhuri ni Kerberos, iliyotokana na mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983 katika chuo cha MIT huko Marekani. Kwa njia hii neno la siri halisafiri mtandaoni hata mara moja. Mtumiaji huiendea kwanza mashine ya tatu inayoaminiwa na wote, hupewa hati ya kupita yenye muda maalumu na yenye jina la ghala analokwenda, na kwa hati hiyo hujitambulisha. Mwaka 1997 zikatangazwa kanuni za kuitumia njia hiyo, na nyingine zifananazo nayo, katika itifaki ambayo NFS imejengwa juu yake. Zikawekwa daraja tatu. Daraja ya kwanza ni kumtambua tu mwenye ombi. Ya pili ni kumtambua na kutia muhuri kila ujumbe ili usibadilishwe njiani. Ya tatu ni kumtambua, kutia muhuri, na kuuficha ujumbe wenyewe kwa maandishi ya fumbo. Askari ataelewa mara moja: ni kumjua mjumbe, ni kumjua mjumbe na kuifunga barua kwa lakiri, ni kumjua mjumbe, kuifunga barua, na kuiandika kwa lugha ambayo adui haisomi.

Hapo ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Maadamu njia zimekuwa nyingi, mashine hazina budi kupatana. Seva husema: "Mimi nakubali hizi na hizi." Mtumiaji huchagua mojawapo aijuayo. Katika iSCSI ni kinyume chake: mtumiaji hutaja orodha kwa mpangilio wa upendeleo wake, na seva hutakiwa kuchukua ya kwanza inayoiweza na inayoruhusiwa. Katika orodha hiyo limo pia neno linalomaanisha "hakuna utambulisho wowote." Tafadhalini, liwekeni akilini neno hilo.

Sasa tuseme kati ya seva na mtumiaji amekaa mtu wa tatu, aliyeishika waya au kifaa kinachopitisha ujumbe. Seva inasema, "Nakubali njia imara, na njia dhaifu." Mtu wa kati anaufuta mwanzo wa sentensi, na mtumiaji anasikia, "Nakubali njia dhaifu." Mtumiaji, kwa heshima na utii, anaitumia hiyo dhaifu. Seva nayo, ikisikia mtumiaji ameomba njia dhaifu, inadhani hiyo ndiyo pekee anayoiweza mwenzake, nayo inakubali. Kila mmoja ametenda kwa kanuni. Hakuna aliyesema uongo ila yule asiyeonekana. Na wote wawili wamejikuta wakizungumza bila ulinzi, ilhali kila mmoja alikuwa na ngao mkononi.

Hatari hii haikuwa siri. Waraka wa kanuni za ulinzi wa NFS uliotangazwa mwaka 1999 uliieleza waziwazi: orodha ya njia, katika toleo la tatu la NFS, ilitolewa kwa itifaki ya pembeni ambayo aghalabu yenyewe haikuwa na muhuri. Toleo la nne, ambalo kanuni zake zilitoka mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2003, liliyaingiza mapatano ndani ya itifaki yenyewe. Seva inapoletewa ombi kwa njia isiyotosha hulikataa, na mtumiaji huweza kuuliza: "Katika chumba hiki hasa, njia zipi zinakubalika?" Jibu huja kwa mpangilio wa upendeleo wa mwenye ghala. Na wenye kanuni wakasisitiza kwamba swali hilo na jibu lake visafiri chini ya muhuri. Hilo ni jambo jema, na tutalirudia.

WARUMI WALIVYOHAKIKI

Je, dawa ya udanganyifu huu ni nini? Hapa tunawaomba wasomaji warudi nyuma zaidi ya miaka 2,100, kwenye jeshi la Warumi, kama lilivyoelezwa na mwanahistoria Polybius. Kila jioni neno la siri la usiku liliandikwa juu ya kibao cha mti. Kibao kilikabidhiwa kikosi kilicho mwisho wa safu, nacho kikakipeleka mbele ya mashahidi kwa kikosi kinachofuata, na hivyo hivyo mpaka kikafika mwanzo wa safu, ambako kilirudishwa kwa mkuu kabla ya giza kuingia. Kila kibao kilikuwa na alama yake. Kama kimoja hakikurudi, mkuu aliitazama alama iliyokosekana, akajua ni mkondo gani uliokatika, na palipokatika palitafutwa.

Tazameni busara iliyomo. Mkuu hakutosheka kulituma neno. Alitaka kuhakikisha kwamba lilifika kama lilivyotoka. Dawa ya mashine ni hiyo hiyo. Mashine mbili zikisha tambuana, na zikisha pata ufunguo wa siri ambao mtu wa kati hana, hurudia yote yaliyosemwa tangu neno la kwanza: orodha iliyotolewa, chaguo lililofanywa, jibu lililotoka. Huyatia muhuri kwa ufunguo ule, na kila upande hulinganisha na kumbukumbu yake. Kama herufi moja imetofautiana, mazungumzo huvunjwa papo hapo. Mtu wa kati aliweza kuufuta mwanzo wa sentensi, lakini hawezi kuughushi muhuri.

Ndivyo zilivyorekebishwa mwaka 2005 kanuni za mapatano zinazotumiwa na SMB na itifaki nyinginezo: orodha ya njia hutiwa muhuri baada ya utambulisho. Ndivyo pia Microsoft walivyofanya katika toleo la SMB la mwaka 2012, ambamo mtumiaji, baada ya kutambuliwa, huuliza upya kwa muhuri: "Ni kweli ulisema haya?" Na katika toleo la mwaka 2015 wakaenda mbele zaidi: kila ujumbe wa mapatano, unapopita, huingizwa katika hesabu yenye biti 512, na jumla ya hesabu hiyo huchanganywa katika ufunguo wenyewe wa mazungumzo. Yaani kama pande mbili hazikusikia maneno yale yale, hazitapata ufunguo mmoja, na hazitaelewana hata kidogo. Hapo haitegemewi tena mtu akumbuke kuuliza. Uongo wenyewe huziba mlango.

DAWA INAPOSHINDWA

Lakini tusidanganyane. Muhuri wa mwisho una nguvu ya njia iliyochaguliwa, wala hauzidi. Kama njia dhaifu iliyomo katika orodha ni dhaifu kiasi kwamba adui anaweza kuuvunja ufunguo wake mle mle ndani ya mazungumzo, basi atavunja ufunguo, ataghushi na muhuri, na uhakiki wote utakuwa mchezo wa kuigiza. Na kama orodha ina toleo la kale ambalo halina uhakiki huo kabisa, adui atawashusha mpaka huko, na huko hakuna wa kuuliza.

Mambo hayo yametokea kweli. Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani ilizuia kuuza nje maandishi ya fumbo yenye nguvu, na watengenezaji wakaingiza katika mashine zao funguo hafifu za kuuzia wageni. Katazo lililegezwa, miaka ikapita, lakini funguo zile hafifu zilisahauliwa ndani ya orodha. Mwaka 2015 wataalamu walionyesha kwamba mtu wa kati aliweza kuzishusha tovuti nyingi za wakati huo mpaka kwenye funguo hizo za biti 512, zilizokuwa rahisi kuvunjwa. Silaha iliyoachwa bohari kwa sababu iliyokwisha kufa iligeuzwa ikawapiga wenyewe, pamoja na raia wa nchi ile iliyoweka katazo.

Kadhalika toleo la kwanza la SMB. Lilikuwa limekwisha shauriwa liachwe, lakini katika mashine nyingi liliachwa wazi, eti labda litahitajika. Tarehe 12 Mei, 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kwa kupitia kasoro iliyokuwamo katika toleo hilo. Nchini Uingereza hospitali nyingi zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Haki itendeke: ile haikuwa hila ya kushusha mapatano, bali kasoro katika programu yenyewe, na kiraka chake kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huo. Hata hivyo funzo ni lile lile. Mlango usiotumika na usiofungwa ni wa adui.

Liko na shambulio la pili ambalo uhakiki wa orodha peke yake hauliwezi. Tuseme mlinzi wa lango la mashariki anamwuliza mjumbe swali. Mjumbe, ambaye ni adui, halijui jibu, lakini ana mwenzake aliyesimama lango la magharibi akijifanya mlinzi, ambaye anamwuliza askari halali swali lile lile, anapata jibu, na kulipeleka mashariki. Neno la siri halikuvunjwa, limeazimwa. Mwaka 2001 ilitangazwa programu iliyofanya hivyo dhidi ya SMB, na sehemu moja tu ya udhaifu huo, ile ya kumrudishia mtu jibu lake mwenyewe, ilizibwa na Microsoft mwezi Novemba, 2008. Dawa yake ni mbili: jibu lifungwe na jina la lango linalojibiwa, lisifae kwingine, na kila ujumbe unaofuata utiwe muhuri, ili aliyepitisha jibu la kuazima asiweze kutoa amri hata moja baada ya kuingia. Imechukua miaka mingi kufikia hapo: kudai muhuri kwa kila ujumbe wa SMB kumekuwa kanuni ya kawaida, bila ya msimamizi kuiwasha, katika mashine mpya za Windows za mwaka 2024.

HOJA YA WENZETU

Wako wenzetu wanaotupinga, na hoja yao ni nzito, hatupendi kuidharau. Wanasema: mashine za makao makuu ni mpya, lakini mashine za vituo vya mbali ni kuukuu, hazijui njia hizo imara. Mkizifuta njia dhaifu katika orodha, koplo wa kituo cha mpakani hatalisoma jalada; mshukiwa atakaa mahabusu kwa sababu karatasi zake hazipatikani; na dawa yenu itakuwa imemwumiza yule yule mliyetaka kumlinda. Heri mlango dhaifu, wanasema, kuliko mlango usiofunguka.

Tunajibu kwa heshima. Ni kweli kwamba ghala lisilofunguka si ghala. Lakini hoja hiyo imesahau jambo moja: seva haiwezi kumtenga koplo mwenye mashine kuukuu na adui anayejifanya mwenye mashine kuukuu. Ukiilegeza orodha kwa ajili ya mmoja, umeilegeza kwa ajili ya wote, pamoja na mashine mpya kabisa ya makao makuu, ambayo nayo itaweza kushushwa. Huruma kwa kituo kimoja imekuwa udhaifu wa jeshi zima.

Njia iliyo bora ni kutenganisha. Doria iliyokosa neno la leo hailazi kambi nzima bila neno. Hupokewa nje ya uzio, mahali palipotengwa, chini ya macho, mpaka afisa aje aitambue. Vivyo hivyo mashine kuukuu zitengewe ghala dogo la pembeni, liwekewe nakala za majalada yanayohusu kituo kile tu, kwa kusoma bila kuandika, na kila anayeingia aandikwe. Na iandikwe siku ya mwisho wa ruhusa hiyo. Ruhusa ya muda isiyoandikiwa mwisho wake haina mwisho; tumeyaona hayo katika funguo za biti 512.

Wengine husema: basi tutumie njia imara inapowezekana, na isipowezekana tuendelee bila hiyo. Mwaka 2022 zilitoka kanuni za kuufunika mfumo wa NFS wote kwa maandishi ya fumbo. Kwanza mtumiaji huuliza seva kama inaweza, na ikijibu ndiyo, huanza kuficha. Ni hatua njema, kwa maana humkinga mtumiaji dhidi ya msikilizaji wa kawaida bila kumtaabisha. Lakini wenye kanuni wenyewe wametahadharisha kwamba mtu wa kati anaweza kulifuta lile "ndiyo," na kwamba anayetaka ulinzi wa kweli aiamuru mashine yake ikatae kuendelea pasipo jibu hilo. Ulinzi wa "ikiwezekana" unafaa sokoni. Haufai bohari ya silaha.

TUNAYOYADAI

Kutokana na hayo, tunatoa madai matano kwa yeyote anayebuni, anayenunua au anayesimamia ghala la kumbukumbu za ulinzi na usalama.

Kwanza, orodha ya njia iwe fupi, na neno "hakuna" lisiwemo. Kila njia iliyobaki iwe ni ile ambayo mkuu angekubali itumike peke yake, kwa maana siku moja adui ataifanya iwe peke yake.

Pili, mwenye ghala ndiye aamue, wala si mgeni. Tena aamue kwa kila chumba: orodha ya chakula cha jikoni na hesabu ya risasi havihitaji mlinzi wa aina moja, na NFS toleo la nne linaruhusu utengano huo.

Tatu, mapatano yote, toka neno la kwanza, yahakikiwe chini ya muhuri kabla ya jalada la kwanza kusomwa. Na kila ujumbe baada ya hapo uwe na muhuri, ukiwa umefungwa na jina la ghala hilo na si jingine.

Nne, kukataa kusiwe kwa kimya. Mapatano yakivunjika, mtumiaji aambiwe kwa lugha nyepesi kwamba amekataliwa, na tukio liandikwe katika daftari la seva mahali ambapo afisa wa zamu hulisoma kila asubuhi. Mashine inayoshuka daraja yenyewe kimya kimya ili kazi iendelee ni mlinzi anayemfungulia kila mtu ili asigombane na yeyote.

Tano, saa za mashine zilandane. Hati za Kerberos zina muda wake, na kwa kawaida tofauti ya saa inayovumiliwa ni dakika tano tu. Kituo ambacho saa yake imeachwa kwenda ovyo kitakataliwa mlangoni, na fundi mwenye haraka atashawishika kuurudisha mlango dhaifu ili asisumbuliwe. Mara nyingi ulinzi huangushwa na kero ndogo iliyokosa mtu wa kuishughulikia, kabla adui hajanyoosha mkono.

Ndugu askari, si kila mmoja wenu atakuwa fundi wa mitandao, wala haihitajiki. Lakini kila mmoja anaweza kuuliza. Siku fundi atakapokuja kituoni na kusema, "Mashine yenu ilikuwa inakataliwa, nimeirekebisha, sasa inaingia," msimpongeze kabla hamjamwuliza: umeipandisha mashine, au umeushusha mlango? Kama ameushusha, aandike jina lake, sababu yake, na siku atakayoupandisha tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu ukianguka hautamwangukia fundi. Utamwangukia mshitakiwa asiye na hatia ambaye jalada lake limebadilishwa, na askari aliyeapa mbele ya hakimu kwamba jalada hilo ni la kweli.

Mlinzi wa lango hafundishwi tu kulijua neno la siri. Hufundishwa asikubali kuambiwa na mtu wa gizani kwamba leo hakuna neno. Mashine zetu nazo zifundishwe hivyo.